Mkono wa Fundi wa Breki

Hakuwa mtu wa kukusalimu kwanza. Ulikuwa ukiingia na gari, ukizima injini, na kabla hujafungua mlango yeye tayari ameinama kwenye gurudumu la mbele kushoto, mgongo wa mkono wake wa kulia ukigusa rimu karibu na nati. Halafu la mbele kulia. Halafu yale ya nyuma. Ukimsemesha wakati huo alikunyamazia kama ambaye hakusikia. Alipomaliza ndipo aliponyoosha kiuno, akakutazama na kusema, "Haya. Sasa sema shida."

Mara ya kwanza nilimwona mjeuri tu. Nilikuwa nimetoka kumshusha mteja Kilimani, mteja aliyelalamika njia nzima kwamba gari langu linanuka kama sufuria iliyosahauliwa motoni, na nilikuwa na hasira zangu. Nikamwambia gari linanuka. Akasema najua. Nikamwambia linavuta upande nikikanyaga breki. Akasema hilo pia najua.

"Hii ya mbele kulia inapika," akaniambia. "Hizo zingine tatu ziko baridi. Umekuwa ukiendesha na upande mmoja haujaachilia. Kwani hiyo pua ni ya mapambo?"

Nilitaka kuwasha gari niende zangu. Lakini gari hilo ndilo linalonilisha. Naendesha teksi za kuitwa kwa simu, Westlands na Kilimani zaidi, na kila siku nabeba kiti cha nyuma watu nisiowajua, wengine wamelala, wengine wana watoto mapajani. Nikabaki. Nilibaki miaka mingi, na katika miaka hiyo hakuna fundi mwingine aliyegusa breki zangu.

Mahali pake palikuwa chini ya River Road, kule maduka ya vyuma yanakoishia na ardhi kuanza kuteremka kuelekea mtoni, udongo mweusi kwa oili na magari yamebanana mpaka huwezi kufungua mlango wote. Kila mtu pale ni fundi wa kitu fulani. Kuna wa gia, wa rediata, wa nyaya. Lakini ukisema Fundi peke yake, bila kuongeza kitu, ulieleweka unamtaka yeye. Mimi aliniita Dereva. Wengine pale huniita madam, kwa sauti ile ya kuomba kitu, na wanawake wenzangu hunicheka kwamba nimekuwa dereva wa kiume. Yeye alisema Dereva kama anayesema daktari au mwalimu, na nakiri nililipenda jina hilo.

Breki kwake ilikuwa jambo la mikono. Kalipa, alikuwa akieleza, ni kama kiganja kinachobana diski kutoka pande mbili; ukikanyaga kinabana, ukiachilia kinafunguka. Kiganja chenyewe kinateleza juu ya pini mbili. Pini zikikauka au zikiingia kutu, upande mmoja unaendelea kubana wakati mwingine umepumzika. Alipenda kukufungulia gurudumu, akutolee pedi zote mbili na kukuwekea ya ndani mkono huu na ya nje mkono ule. Pedi ina nyama yake, ile sehemu inayoshika diski. Ya nje ingekuwa na nyama tele, ya ndani imebaki chuma.

"Zilianza siku moja, gari moja, dereva mmoja," angesema. "Sasa niambie kwa nini moja imekwisha."

Usingejua, naye angefurahi kwamba hujui. Alikuwa mwalimu wa kukera. Alikuuliza ili akukate kauli. Watu wanafikiri breki inalika kwa kukanyagwa, alisema, na hawajui kwamba hulika zaidi kwa kutoachiliwa. Kisha angeanza. Pini zilizokauka. Pistoni iliyokwama kwa kutu kwa sababu mwenye gari hajabadilisha mafuta ya breki tangu alinunue. Paipu ya mpira iliyozeeka kwa ndani, mafuta yanaenda lakini hayarudi. Handbreki iliyovutwa gari likaachwa kwenye mvua mpaka waya ukashika. Pedi za bei ya kutupa, ngumu upande mmoja, laini upande mwingine. Na dereva anayekaa foleni ya Waiyaki Way na mguu juu ya breki saa nzima kama anaogopa gari litatoroka. Hapo alinitazama mimi, ingawa mimi sifanyi hivyo. Basi, nilikuwa nikifanya kidogo.

Grisi yake ilikuwa na kopo lake, limefunikwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuchovya humo. Siku moja fundi wa gia, jirani yake, alimsaidia kufunga gurudumu la mteja na akapaka pini grisi ile ya kawaida ya bearingi. Fundi alipogundua alifungua tena gurudumu zima mbele ya mteja, akaosha pini moja moja, akapaka upya. "Hiyo grisi yako inafurisha mpira," akamwambia mwenzake. "Mpira ukifura pini haitembei. Unataka kuua mtu?" Fundi wa gia ni mtu mpole, akarudi chini ya gari lake. Fundi hakumsemesha kwa siku kadhaa, na walikuwa wakila kwenye kibanda kimoja.

Alikuwa hivyo. Hakuwa na huruma kwa kosa dogo. Na alikuwa na sheria moja ambayo hata mimi niliyemzoea niliiona ya kikatili: habadilishi upande mmoja. Ukitaka pedi mpya, unaweka kushoto na kulia, la sivyo uondoe gari lako. Mpya upande huu na ya zamani upande ule, alisema, gari litakugeuza siku ya mvua na hutaelewa. Alisema kweli. Lakini nakumbuka mama mmoja aliyekuwa akipeleka mboga sokoni kwa pikapu, akamsihi amfanyie wa kulia tu ili aweze kufika nyumbani, wa kushoto angeuleta mwezi ukiisha. Alimwita baba. Alimwita ndugu yangu. Fundi aliifunga ile pikapu vilevile ilivyokuja, akaishusha kwenye jeki na kurudi kwenye kiti chake. Yule mama akaisukuma kwa msaada wa watu mpaka kwa fundi mwingine, ambaye alimwekea upande mmoja bila maneno. Siku hiyo nilimchukia Fundi na nikamwambia. Akaniuliza kama mimi nitamzika. Hatukujua kama mama yule alifika salama wala kama alifanya upande wa pili, kwa sababu hakurudi tena.

Mtu huyo huyo, mwenye kusisitiza pande mbili ziwe sawa, alikuwa na mke Machakos aliyelima, akajenga, akasomesha na akazika mama mkwe karibu peke yake. Fundi alienda Krismasi na kwenye matanga. Nilimuuliza siku moja, kwa utani, ni pini gani zilizokauka huko nyumbani. Nilitegemea anitukane. Akasema, "Zile zangu," akaendelea na kazi.

Alikidharau kipimo. Fundi wa gia alikuwa na kile chuma cha kupimia unene wa pedi na diski, na mara moja alimpa kwa nia njema. Fundi alikizungusha mkononi kama mtu aliyepewa mchezo wa mtoto. "Hii ni ya mtu hana mikono," akasema, akamrudishia. Yeye alifumba macho. Alipitisha kidole gumba juu ya diski kutoka katikati mpaka ukingoni, polepole, akakwambia pana kingo hapa, pamelika pale, hii ikasagwe, hii itupe. Pini aliishika kwa vidole viwili akaisukuma ndani na nje, macho yamefumbwa, kichwa kimeinama, na sisi sote tulinyamaza bila kuambiwa. Niliwahi kupitisha kidole changu mahali alipopitisha chake nikahisi ulaini mtupu. Akasema ni vidole vya kuhesabia chenji.

Namkumbuka hivyo, macho yamefumbwa. Ndiyo maana nilipaswa kuona kitu yalipoanza kufumbuka.

Kwanza ilikuwa chai. Mama wa kibanda alimletea kikombe cha saa nne chenye sukari mpaka kijiko kikasimama, kila siku, tangu nilipomjua. Ghafla ikawa chai bila sukari. Tulimtania kwamba ameokoka. Akasema sukari imepanda bei, na kwa sababu imepanda kweli, hakuna aliyeuliza zaidi. Halafu alikonda. Mashati yakaanza kumpwaya shingoni. Alisema ni jua.

Halafu ikawa kiatu. Kuna asubuhi moja alizunguka kila mahali akitafuta nati ya gari la mteja. Aliinua jeki, akainua magunia, akamshuku fundi wa gia. Mchana alivua kiatu cha kulia ili akung'ute vumbi, na ile nati ikaanguka chini, tii, mbele yetu wote. Alikuwa ametembea juu yake tangu asubuhi. Tulicheka mpaka machozi. Yeye alicheka kuliko sisi, akaonyesha unyayo wake uliokuwa na shimo jekundu la umbo la nati, akasema mguu wa fundi ni wa chuma. Nilicheka pia.

Na halafu akaanza kutugusisha. Hili ndilo lililonipendeza, na ndilo linaloniuma zaidi. Baada ya kufunga magurudumu alikuwa akiendesha gari mwenyewe, anapanda mpaka barabara ya juu, anarudi, anashuka, anapitisha mkono kwenye magurudumu yote manne. Likiwa na joto moja pande zote, kazi imekwisha. Sasa akawa anarudi, anashuka, na anakuambia, "Guza mwenyewe. Usiniamini mimi. Guza."

Tuligusa. Nilijifunza hapo kuliko miaka yote ya nyuma. Nikajua joto la kawaida la breki iliyofanya kazi yake, na joto lile baya la breki isiyoachilia. Nikawa nagusa magurudumu yangu kila jioni nikiegesha, mpaka leo nagusa, na nikawafundisha madereva wengine wa Westlands. Nilimsifu. Nikasema uzee umemlainisha, amekuwa mwalimu wa kweli badala ya mwalimu wa kukera. Wakati tunagusa, yeye hakutazama gurudumu. Alitutazama usoni.

Mmoja wa niliowapeleka kwake alikuwa Njoroge. Ni dereva mwenzangu, kijana wa Kangemi, mcheshi, mwenye simu mbili zisizonyamaza. Gari lake lilikuwa linavuta upande. Fundi alifungua ya mbele, akatoa pini za kulia, akazipaka grisi, akazisukuma kwa vidole, akasema zinatembea. Akaendesha, akarudi. Sikuwepo, haya nimeyapata kwa Njoroge mwenyewe.

Wiki chache baadaye Njoroge alikuwa akiteremka kutoka Westlands kwenda mjini, asubuhi, bila abiria. Mbele ya mteremko wa Museum Hill magari yalisimama. Akakanyaga. Gari likageuka kushoto kama limeshikwa usukani na mtu mwingine, likagonga nguzo ya zege. Ubavu wa kushoto uliingia ndani, injini ikasogea mpaka miguuni pake. Mguu wake mmoja ulikatwa chini ya goti.

Waliolivuta lile gari walifungua magurudumu. Pedi ya kulia ilikuwa imelika mpaka chuma, hata chuma chenyewe kimeanza kula diski. Ya kushoto ilikuwa na nyama tele. Pini za kulia hazikutoka mpaka zikapigwa nyundo. Habari ikafika chini ya River Road siku hiyo hiyo.

Watu walisema kijana alikuwa mbio. Kila dereva akigonga husemwa alikuwa mbio. Mimi nilikwenda kwa Fundi nikamkuta amekaa, kopo la grisi katikati ya miguu, hajafanya kazi tangu asubuhi.

"Fundi, ilikuwaje?"

"Nilimwambia aguse," akasema. "Nilimuuliza, zote ni joto moja? Akaniambia ziko sawa."

Nilikwenda hospitalini. Njoroge alikuwa amegeukia ukuta. Nilipomwambia maneno ya Fundi hakugeuka.

"Ni ukweli," akasema. "Aliniuliza. Nilikuwa kwa simu, rikwesti ya mteja ilikuwa imeingia. Nikamwambia ziko poa, buda, ziko poa. Sikugusa hata moja. Unajua mimi nilidhani ni story tu, si yeye ndiye fundi?"

Nilimkasirikia. Kijana amelala hapo bila mguu na mimi nikamkasirikia, kimoyomoyo, kwamba mzee alimpa nafasi ya kujiokoa akaitupa kwa ajili ya safari ya karibu. Nilitoka nikimtetea Fundi kwa kila mtu. Niliwaambia madereva wote: aliuliza, akaambiwa ziko sawa, mlitaka afanye nini? Hakuna aliyenijibu kwamba fundi haulizi mwenye gari kama gari limepona.

Miezi ilipita. Nilienda kwake mara moja tu katikati, na sikukaa sana. Alikuwa amekonda zaidi, na wateja wamepungua, lakini wale wa zamani walikuwa bado wanamjia. Gari la njano la shule lilikuwa mojawapo, lile la kubeba watoto kutoka Kangemi na Uthiru. Dereva wake alimwamini kuliko mchungaji wake.

Mara ya mwisho niliyoingia pale na gari ilikuwa mchana, jua limekaza. Nilikuwa nimetoka Kangemi na mteja, na nilipomshusha mjini gari likaanza kunuka harufu ile ile ya siku ya kwanza, sufuria motoni. Nilikuwa nimejifunza. Nilishuka kando ya barabara nikakaribisha mkono bila kugusa. Magurudumu matatu yalikuwa ya vuguvugu. La mbele kushoto lilinirudisha mkono kabla haujafika. Nikaendesha taratibu, sikukanyaga breki isipolazimu, mpaka kwa Fundi.

Alikuwa anasinzia kwenye kiti chake. Aliposikia injini akaamka, akaja moja kwa moja kama zamani, bila salamu. Sikumwambia ni lipi. Nadhani nilitaka kumwona akilipata, turudi tulivyokuwa. Akaanzia nyuma, safari hii. La nyuma kulia akagusa. La nyuma kushoto akagusa. La mbele kulia. Kisha akaja mbele kushoto, akaweka mkono wake kwenye rimu, kwenye nati, na akauacha hapo.

Nilisimama karibu naye na joto la lile gurudumu lilikuwa likinipiga kwenye muundi. Yeye hakuutoa mkono. Aliinua uso akanitazama, ananisoma, kama alivyokuwa akitusoma sote. Mimi sikuelewa mara moja kilichokuwa kikitokea. Nilisikia mchomo mdogo, kama wa kitu kinachokaangwa, na harufu ambayo haikuwa ya breki.

Nilimvuta mkono kwa nguvu mpaka akayumba. Ngozi ya mgongo wa mkono ilibaki nyingine kwenye nati.

"Ni hii?" akaniuliza. Alikuwa bado ananitazama usoni. "Ni hii ya kushoto, siyo?"

"Fundi, mkono wako!"

Akautazama. Aliutazama kama chombo cha mtu mwingine kilichoachwa kwake kitengenezwe.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akatafuta kitambaa kile cha kupangusia, akaufunga mkono kwa namna ya ovyo. Fundi wa gia alikuwa ameinua kichwa chini ya gari lake anatutazama.

"Miguu ilianza kitambo," Fundi akasema kwa sauti ya chini. "Daktari alisema ni sukari. Vidole vilikuja baadaye. Unashika kitu ni kama umevaa glavu."

"Na pini za Njoroge? Ulisema zinatembea."

"Nilimwambia aguse."

"Fundi."

"Nilimwambia aguse, Dereva." "Mimi nilikuwa sijui. Nilizisukuma, zikawa kama zinatembea. Nikamuuliza yeye kwa sababu mimi nilikuwa sijui."

Nilikuwa na mengi ya kumtupia. Miezi yote ile nimemtetea. Nimemlaumu kijana asiye na mguu. Nilitamani kumpiga na nilitamani kumkalisha chini nimwoshe ule mkono, na sikufanya lolote, kwa sababu honi ililia nyuma yetu. Lilikuwa gari la njano la shule, limesimama kwenye njia ya kuingilia, viti vitupu, dereva ana simu sikioni.

"Fundi, niaje!" akapiga kelele dirishani. "Niangalilie breki chapchap, zinalia lia. Nachukua watoto saa tisa."

Fundi akauingiza mkono uliofungwa mfukoni. Nilimwona akiuingiza. Akanyoosha kiuno na kuanza kumwelekea, na kwa mkono wa kushoto akampungia aingize gari. "Leta ndani," akasema. "Lakini leo utagusa mwenyewe, sawa?"

"Sawa, mzee," yule dereva akajibu, na akarudi kwenye simu yake.

Nilipita mbele ya Fundi nikasimama katikati ya njia. Bampa ya lile gari ilikuwa karibu kunigusa magoti. Dereva akapiga honi tena.

"Fundi hafanyi kazi," nikasema.

"Nani amesema?"

"Mimi."

"Wewe mama ni nani yake?"

Nyuma yangu Fundi akasema, "Dereva, toka hapo."

"Sitoki."

"Toka, nakuambia. Unaniharibia."

"Sitoki, Fundi."

Alikuja mpaka karibu na sikio langu. Sijawahi kumsikia akiomba kitu, hata maji. "Mimi nitakula nini?" akaniuliza. "Nina miaka hii yote. Nitafanya nini ingine na hii mikono?"

"Sijui," nikamwambia. Ilikuwa kweli, sikujua. Nilikuwa nalia na sikutoka.

Dereva wa shule alikuwa ameweka simu chini sasa na anatutazama kwa zamu. Fundi wa gia alikuwa amekuja, anapangusa mikono. Nilingoja Fundi anitukane mbele yao wote. Alikuwa na haki, na ulimi alikuwa nao. Badala yake aliutoa mkono mfukoni. Kitambaa kilikuwa kimedondoka huko huko. Akaunyoosha mbele ya kioo cha lile gari, mgongo wa mkono juu, jinsi ulivyokuwa, mwekundu na mweupe, nati imejichora katikati.

"Sisikii moto," akamwambia yule dereva. "Peleka kwa mtu mwingine. Mwambie afungue pande zote mbili."

Dereva alirudi nyuma pole pole, bila honi.

Tulimkalisha kwenye kiti chake. Fundi wa gia alikimbilia maji kwa mama wa kibanda. Mimi nilichuchumaa mbele yake nikaushika ule mkono kwa kifundo, nisijue nifanye nini nao. Gurudumu langu lilikuwa likitoa mlio mdogo likipoa. Alikuwa akiutazama mkono, anaugeuza huku na huku kwenye jua, kwa makini, jinsi alivyokuwa akigeuza pedi zilizoletwa na watu.

"Dereva," akasema, "hii inafaa iwe inauma sasa, siyo?"

"Ndiyo, Fundi," nikamwambia. "Inauma sana."